Vidole Viwili

Laptopu nyingi zinazouzwa mjini siku hizi hazina kitufe cha kulia. Zina kibao kimoja cha kugusa, laini, kimelala chini ya kibodi bila mstari wala alama ya kukuonyesha kushoto ni wapi na kulia ni wapi. Kama ulijifunza kompyuta kwa kipanya cha saiba, kile cha waya chenye vitufe viwili na gurudumu katikati, utabaki ukijiuliza ile menyu ndogo imeenda wapi: ile ya kukopi, kupesti, kubadilisha jina la faili, kurekebisha neno lililoandikwa vibaya. Menyu ipo. Ila hakuna mahali popote kwenye mashine palipoandikwa jinsi ya kuiita.

Mimi hula kwa laptopu. Ninaandika, ninahariri kazi za watu, saa zingine ninasikiliza rekodi za mahojiano na kuzigeuza maandishi. Kwa sababu hiyo watu wa ploti yetu waliamua kitambo kwamba mimi ni fundi, ingawa sijawahi kushika bisibisi. Saa mbili usiku unasikia mlango. "Aisee, uko? Hii yangu imekataa rait-kliki."

Mara nyingi haijakataa. Kuna jirani mmoja alikuwa ameambiwa huko mjini kwamba tachipadi yote imekufa na inafaa kubadilishwa, shilingi elfu tatu na mia tano. Nikaweka vidole viwili kwenye kibao, nikagusa mara moja bila kubonyeza, menyu ikatokea. Akaniangalia, akaangalia laptopu, akaniangalia tena. "Kwani ilikuwa hapo tu?" Ilikuwa hapo tu.

Kiswahili cha shule kinasema "kubofya kulia", na hapo tayari kuna shida. Mamangu aliposikia mara ya kwanza, aliuliza, "Nibofye halafu nilie?" Tukacheka, lakini ukweli ni kwamba lugha yetu imebebesha neno hilo mizigo mingi. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Wazee wengine wanauita mkono wa kuume, na wa kushoto wanauita wa kike. Halafu anakuja mtu na kibao kisichokuwa na upande wowote anakwambia ubofye kulia.

Ukiondoa jina, kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Bofyo la kawaida ni amri: fungua hii, chagua hii, funga. Bofyo la kulia ni swali. Unaelekeza mshale mahali fulani unauliza, hapa naweza kufanya nini? Ndiyo maana jibu hubadilika kulingana na mahali ulipouliza. Ukiuliza juu ya neno lenye mstari mwekundu, unapewa maneno yaliyoandikwa sawasawa uchague. Ukiuliza juu ya faili, unapewa kubadilisha jina, kukopi, kufuta. Ukiuliza juu ya namba ya safu kwenye Excel, unapewa kuingiza safu mpya hapo katikati. Mtu asiyejua kubofya kulia anaweza kutumia kompyuta miaka kumi, na atafanya kazi, lakini atakuwa anafanya yale tu aliyoonyeshwa. Hana njia ya kuuliza mashine kuna nini kingine.

Hilo nililiona vizuri chuoni, kabla sijaondoka. Mwaka wa kwanza kulikuwa na somo la kompyuta ambalo kila mtu alilazimika kulifanya, hata sisi wa masomo ya sanaa. Tulikuwa watatu kwa kila skrini. Mhadhiri alisimama mbele akionyesha kwa projekta, akisema kwa haraka, "Rait-kliki, chagua hiyo ya tatu, haya, tuendelee." Msichana niliyekaa naye alikuwa ametoka shule ambayo kompyuta zilifungiwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Alipoambiwa rait-kliki, alibofya kitufe cha kushoto. Akaambiwa tena, akabofya kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu akabofya polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kumpendeza mwenye nyumba. Nilichelewa kidogo kuelewa kilichokuwa kikiendelea kichwani mwake. Alikuwa anasikia "rait" kama "sawasawa". Bofya sawasawa. Na yeye alikuwa anajitahidi kubofya sawasawa kadiri alivyoweza.

Nikamwonyesha kitufe kingine kwa kidole, chini chini, bila kusema. Akabofya, menyu ikaja, akapumua. Mhadhiri alikuwa ameshafika hatua ya sita.

Hakuuliza kwa sababu kila mtu anajua kinachotokea ukiuliza swali dogo mbele ya darasa kubwa. Kuna swali la kukufanya uonekane una akili, na kuna swali la kukufanya uonekane umetoka mbali. Hilo la kitufe ni la aina ya pili. Mwaka wa pili karo ilinishinda nikarudi nyumbani, na katika vitu nilivyobeba, mafunzo ya somo lile hayakuwa mengi. Lakini huyo msichana ninamkumbuka kila mtu anaponibishia mlango saa mbili usiku, kwa sababu najua amefikiria mara ngapi kabla ya kubisha.

Sasa nifike kwa mamangu, maana bila yeye nisingeandika haya.

Mamangu anauza mboga Kangemi. Alfajiri anaenda Marikiti, anarudi na magunia, na kufika saa tatu ameshaanza kukata sukuma. Yuko kwenye chama cha akina mama kumi na wanane, kila mmoja anatoa mia mbili kwa wiki, pesa zinawekwa zigawanywe Desemba. Si pesa nyingi ukiziangalia kwa wiki moja. Ukifika Desemba, ndizo sare za shule za Januari, ndizo nauli ya kwenda ushago, na kwa wengine ndiyo kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Mwaka jana mweka hazina alihamia kwao, na daftari likachukua mwezi mzima kurudi. Liliporudi, kurasa kadhaa zilikuwa zimelowa mafuta taa na namba hazisomeki. Akina mama wawili walisema wamelipa wiki ambazo hazionekani. Wengine wakasema hawakuwaona wakilipa. Watu ambao walikuwa wanabebeana watoto wakaacha kusalimiana sokoni. Kuna mmoja alihamisha kibanda chake upande ule mwingine wa barabara asiwe anaangaliana na mwenzake.

Walipomchagua mamangu kushika hazina, yule mdogo kabisa kati yao alisema hesabu ziingie kwenye kompyuta na zichapishwe kila mwisho wa mwezi, kila mtu apewe karatasi yake. Wakakubali. Kisha mwingine akaongeza sharti moja. Mamangu aziingize mwenyewe, mbele yao, siku ya mkutano. "Kama ni mtoto wako atakuwa anaandika," alisema, "basi tungemchagua mtoto wako."

Mamangu alinieleza haya usiku huo akiwa anavua viatu, kisha akasema, "Kwa hivyo utanifunza. Lakini usinishike mkono. Niambie tu."

Nilikuwa na laptopu yangu ya zamani ambayo bado inafanya kazi. Jambo la kwanza nililofikiria lilikuwa kumnunulia kipanya cha waya na kumaliza maneno. Tulijaribu na cha kuazima. Shida ni kwamba kipanya kinahitaji mahali tambarare pa kutembelea, na mamangu hana meza. Kwenye kibanda kuna kreti na benchi. Nyumbani kuna stuli na vitambaa vyake. Alijaribu kukiweka juu ya kifuniko cha sufuria, na mshale ukaruka huku na huku kama panzi, kwa sababu kile kitaa cha chini ya kipanya kinachanganyikiwa na kitu kinachong'aa. Akakirudisha. "Hii ya kugusa inatosha. Nionyeshe."

Nikafungua mipangilio. Kwa mwenye Windows 11, njia ni hii: unaingia kwenye mipangilio, unachagua sehemu ya Bluetooth na vifaa, kisha tachipadi. Kwenye Windows 10 ni sehemu ya vifaa moja kwa moja. Hapo kwenye migusio utaona visanduku. Kimoja kinasema kugusa kwa vidole viwili kuwe bofyo la kulia. Kingine kinasema kubonyeza pembe ya chini upande wa kulia kuwe bofyo la kulia. Weka alama kwenye vyote viwili. Juu yake kuna chaguo la wepesi wa tachipadi kuhisi, kuanzia chini hadi juu kabisa. Kwenye Mac unaingia mipangilio ya mfumo, trakipadi, halafu bofyo la pili, uchague kati ya vidole viwili na pembe ya chini. Ubuntu za karibuni nazo zinakupa chaguo la vidole viwili au pembe kwenye mipangilio ya kipanya na tachipadi. Chromebook ni vidole viwili tu, gusa.

Kwa watu wengi hadithi inaishia hapo. Kwetu ndipo ilipoanza.

Mamangu aliweka vidole viwili, akagusa. Hakuna kitu. Akagusa tena. Mshale haukusonga hata kidogo. Akabonyeza ile pembe ya kulia, kibao kikalia "tak", na mashine ikachukulia ni bofyo la kawaida. Nikaweka vidole vyangu mimi, menyu ikaja mara moja. Akaweka vyake. Kimya.

"Hii kitu inanidharau," akasema.

Nikamwomba anionyeshe ncha za vidole vyake. Ukitaka kujua mama mboga amefanya kazi hiyo kwa muda gani, angalia kidole gumba na kile kinachofuata. Sukuma inakatwa ikiwa mkononi, kisu kinakuja kuelekea kidole, nyembamba nyembamba, maelfu ya mara kwa siku. Ngozi ya ncha imekuwa ngumu kama ganda, ina mistari myeusi ya utomvu wa mboga ambayo haitoki hata kwa chumvi na ndimu. Mamangu alicheka. "Hata mashine ya alama za vidole ilinisumbua. Walinirudisha mara nne."

Tachipadi haihisi uzito wa kidole wala joto lake. Chini ya kibao kuna wavu wa nyuzi nyembamba zenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hivyo kidole kikikaribia, chaji hiyo inabadilika kidogo, na mashine inajua kuna kidole hapo. Skrini za simu nyingi za kisasa hufanya kazi vivyo hivyo. Ngozi kavu iliyokomaa inaweka umbali kati ya wavu na ile sehemu ya mwili yenye maji, na mabadiliko yanakuwa madogo mno. Kwa mashine, mkono wa mamangu haukuwepo.

Na ile pembe je? Si alibonyeza hadi ikalia? Hapo kuna kitu ambacho watu wengi hawajui. Kwenye vibao hivi visivyo na vitufe, chini huwa kuna swichi moja. Ukibonyeza kushoto au kulia, ni swichi ileile inayolia. Kinachotofautisha ni programu: inaangalia kidole kilikuwa wapi wakati wa kubonyeza, kisha inaamua. Kama haikukiona kidole, haina la kuamulia. Kwa hivyo mamangu alikuwa amebonyeza kulia kabisa, pale pale panapostahili, na mashine ikamjibu kama mtu aliyebonyeza popote.

Nilienda kulala nikiwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

Kuna historia hapa, na inanichoma kwa sababu inahusu watu kama mamangu. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa kwa mbao mwaka wa 1964 kwenye maabara ya Douglas Engelbart huko California, na kilikuwa na kitufe kimoja. Alipokionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kilikuwa na vitatu. Kompyuta ya Xerox Alto ya mwaka wa 1973 nayo ilikuwa na vitatu. Kisha Apple wakaja na Lisa mwaka wa 1983 na Macintosh mwaka wa 1984, na vipanya vyao vilikuwa na kitufe kimoja tu. Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea kukopi na kupesti, alikuwa kati ya waliotetea hicho kimoja. Wazo lao lilikuwa la heshima: mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta asianze kwa kuogopa kubonyeza kitufe kisicho chake.

Upande wa pili, Windows 95 ilipotoka mwaka wa 1995, kitufe cha kulia kikawa na menyu karibu kila mahali. Kazi ikawa rahisi kwa aliyejua. Apple wakaongeza menyu hizo kwenye Mac OS 8 mwaka wa 1997, lakini bila kitufe: ulishikilia Control ndipo ubofye. Mpaka mwaka wa 2005 ndipo wakauza kipanya kilichoweza kutofautisha upande wa kulia. Halafu mwaka wa 2008 wakatoa MacBook ambazo kitufe cha chini ya tachipadi kimeondolewa kabisa na kibao chote kimegeuka kitufe. Kampuni zingine zikafuata, na leo laptopu nyingi mpya ni hivyo.

Ukiangalia safari hiyo yote, ubishi ulikuwa juu ya mgeni. Wengine walisema vitufe viwili vitamchanganya. Wengine walisema kimoja kitamnyima. Mwishowe vitufe vikaondolewa vyote, kazi mbili zikabaki palepale, na mgeni akaachiwa kibao kitupu abahatishe. Kitufe kinachoonekana kinakwambia angalau kwamba kuna kitu cha kubonyeza. Yule msichana wa chuoni alihitaji kidole kimoja cha kumwelekeza. Kwenye laptopu ya leo hata hicho kidole hakingekuwa na mahali pa kuelekeza.

Asubuhi tulianza upya. Kwanza nikapandisha wepesi wa kuhisi hadi juu kabisa. Mshale ukaanza kusonga, kwa kusitasita. Pili, nikamwambia asitumie ncha. Alaze vidole, atumie ile nyama ya chini ya ncha, mahali kisu hakifiki. Ukasonga vizuri. Tatu, apake mafuta kidogo mikononi, kisha ajifute ili kibao kisichafuke. Hii ya mafuta aliipenda sana kwa sababu aliona sasa ana sababu ya kiofisi ya kununua losheni.

Nne, nikamwonyesha mlango wa nyuma. Shikilia Shift ubonyeze F10. Menyu ileile inatokea bila kugusa tachipadi kabisa, mahali ulipochagua. Kwenye laptopu zingine lazima ushikilie na Fn pia. Kibodi kadhaa zina kitufe maalumu cha menyu karibu na Control ya kulia, chenye picha ya karatasi ndogo. Yangu haikuwa nacho. Mamangu akaandika kwenye karatasi, "Shift na F10, kama imekataa", akaikunja, akaiweka kwenye kile kipochi chake cha pesa cha shingoni.

Tulifanya mazoezi jioni kumi. Sikumshika mkono hata mara moja, na niamini, ni kazi ngumu kuliko kuhariri ripoti ya kurasa mia. Mshale unaenda kule, unajua pa kuupeleka, vidole vyako vinawasha. Unakaa juu ya mikono yako. Unasema, "Juu kidogo. Hapo. Sasa viwili, gusa." Anagusa kimoja. Unanyamaza. Anajirekebisha mwenyewe.

Jumapili ya mkutano tulienda nyumbani kwa mwenyekiti. Mimi nilikaa karibu na mlango na watoto, nikiwa nimekatazwa kusogea. Mamangu alikaa kwenye stuli, laptopu mapajani, wenzake wamemzunguka. Zilikuwa wiki tatu tangu waanze upya. Jumla kwenye Excel ilisema 10,600. Watu kumi na wanane, mia mbili, wiki tatu: inafaa iwe 10,800. Mia mbili hazipo. Nyumba ikanyamaza, na niliona wale wawili wa ule ugomvi wa mwaka jana wakiangalia sakafu.

Kisha mmoja wao akatoa kabambe yake, akafungua meseji ya M-Pesa. Alikuwa amesafiri kwa mazishi wiki ya pili, akatuma siku mbili baadaye. Mamangu akaangalia simu yake mwenyewe, akaipata meseji. Ilikuwa imeingia usiku, siku ambayo betri ilikuwa imezima.

"Basi iandikwe," akasema mwenyekiti. "Lakini isiandikwe chini huko mwisho. Iandikwe kwenye wiki yake. Hatutaki ionekane kama aliongezewa."

Hapo ndipo nilijua amefika. Kuingiza safu katikati ya safu zingine, hiyo ni kazi ya bofyo la kulia. Mamangu alipeleka mshale kwenye namba ya safu, akagusa. Hakuna kitu. Mtu akakohoa. Akajifuta vidole kwenye leso, akavilaza, akagusa tena. Hakuna kitu. Nikaona mkono wake ukienda shingoni, kwenye kipochi, ukaishia njiani. Hakuhitaji karatasi. Akabofya namba ya safu mara moja, akashikilia Shift, akatafuta F10 kwa kidole, akabonyeza. Menyu ikafunguka. Akaisoma polepole kutoka juu, akafika kwenye neno la kuingiza, akachagua. Safu zikashuka, nafasi ikatokea. Akaandika jina, tarehe, 200. Chini kabisa, bila mtu kuigusa, jumla ikabadilika ikawa 10,800.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alisema, "Sawa, tuendelee na faini za kuchelewa." Lakini yule mwenye kabambe alivuta kiti chake karibu na laptopu, na mkutano ulipokwisha hakuondoka. Nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini, ile ya kuuliza swali dogo, "Hiyo orodha uliitoa wapi? Maana sikuona mahali."

"Iko," mamangu akamwambia. "Ni vile hawajaandika. Leta vidole viwili. Si ncha, laza."

Akataka kumshika mkono amwekee. Akaurudisha mkono wake mapajani, akamwacha atafute mwenyewe.